Sentensi ya Kakako Mbele ya Boila

Nyumba za Wafanyakazi,
Mlango wa Tisa.
Jumapili, 6 Agosti

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu sote. Habari za huko? Na lile goti lako, limekubali ngazi? Sisi tu wazima. Mtoto mdogo alikohoa wiki nzima, sasa amepoa. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo hajambo.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yetu ni moja, na kakako huongea kwa spika kama anayetangaza mpira. Hili sitaki alisikie kabla wewe hujalifikiria.

Kiwanda cha kufulia kimepata wamiliki wapya. Wameamua kila fundi afanye mtihani wa Kiingereza cha kuzungumza. Kakako amelinda boila ile miaka kumi na tisa, lakini asiyefaulu anahamishiwa kukunja mashuka. Nyumba hii, kama unavyojua, ni ya fundi wa boila. Mkunja mashuka hapewi nyumba.

Kile kitabu ulichotuma tumekisoma mpaka jalada limetoka. Mwalimu ni binti yetu. Alimweleza kwamba "can" ni kuweza, "may" ni kuomba ruhusa, na "could you" ni kumwomba mtu kwa upole zaidi. Na "might" je? "Hiyo ni huenda, Baba, ila usiitegemee sana." Kakako akasema, "Kumbe ndiyo lugha ya mnyapara wetu." Siku hiyo mezani aliomba chumvi kwa Kiingereza kilichonyooka, na binti akamjibu kwamba kumpa anaweza, ila hajasikia tafadhali. Tulicheka sana. Nilidhani tumevuka.

Mtihani ulikuwa Jumatano. Aliomba kalamu vizuri, akaomba ruhusa ya kufungua dirisha, akaeleza ni vali ipi huenda ikavuja na kwa nini. Kisha msahihishaji, mama mmoja mpole, akamwambia: presha imepanda, meneja amesimama karibu na boila, mwambie atoke. Kakako akasema, "You must go out. Now."

Yule mama akamwelekeza aanze na "could you", kwa kuwa anaongea na mkubwa wake. Alimpa nafasi mara tatu. Mara tatu kakako alirudia "must", yaani ni lazima. Mwisho akamwambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, adabu nitampa akishafika nje. Huko nitamsalimia mpaka achoke."

Akafeli. Marudio ni tarehe 4 Septemba, na ameambiwa wazi kwamba swali la boila litakuwepo.

Niliposhika kalamu Ijumaa nilitaka nikuombe umkalishe chini, maana katika ukoo mzima anakusikiliza wewe tu. Ni maneno mawili. Ayaseme, tubaki na paa. Mimi nilishamwambia, tena kwa ukali: "Watoto watalala juu ya msimamo wako?" Alitoka akaenda kufunga bomba la uani, ambalo halikuwa wazi.

Jana ndipo aliponieleza. Mwaka wake wa kwanza kazini aliona mshale wa geji umepita mstari mwekundu. Mnyapara wa wakati ule, mtu wa umri wa baba yenu, alikuwa ameinama mbele ya vali akiandika. Kakako akaanza: "Shikamoo mzee, samahani, kama hutojali, naomba usogee kidogo..." Mzee akaitika, "Marahaba, ngoja nimalize mstari." Mvuke ukampata usoni. Hakufa, lakini jicho la kulia halikuona tena. Kila mtu alimwambia kakako kwamba hana kosa. Yeye anasema sentensi ilikuwa ndefu kuliko muda uliokuwepo.

Miaka kumi na mitano ya ndoa, Shemeji, na sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba nikimpelekea chakula hunifokea nikiwa bado mlangoni, nami nilikuwa narudi nyumbani nimenuna.

Sitakuficha: bado nataka afaulu. Nimeshazunguka kuulizia vyumba vya kupanga. Nimeona viwili, na kimoja hakina hata pa kuwekea jiko. Usiku silali vizuri. Lakini ombi nililotaka kukuletea nimelirudisha. Ukimpigia kabla ya siku hiyo, mfanyishe mazoezi ya mengine yote upendavyo. La boila usimfundishe. Nami nimeacha.

Msalimie sana mkeo, na wale mapacha waambie bibi yao anawauliza kila siku. Shangazi mkimwona, mwambieni dawa yake ilifika. Mungu awape afya, riziki, na usingizi mtulivu.

Ni mimi nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Shemeji yako