Mahindi ya Nekesa

Jumanne usiku, Handsworth

Ati hakuna hasara! Mtu anasimama kwenye shamba la dadangu, mahali mto ulipofurika ukafagia kila kitu, halafu anasema haoni hasara.

Nekesa alinipigia nikiwa kwenye basi huku ughaibuni natoka kazini, miguu imekwisha. Wazee wote ninaowatunza kule Moseley wanataka kuogeshwa na mimi tu, ndiyo shida ya kupendwa. Maafisa wa kaunti kule nyumbani walikuja leo kuandikisha mashamba ya kulipwa msaada wa mafuriko. Jirani aliyeacha mahindi yake yaoze ameandikwa. Nekesa, aliyelima upya na kupanda maji yalipokauka, ameachwa.

"Watarudi Ijumaa," akasema. "Jirani ananiambia nifyeke haya machanga, shamba lionekane limeharibika. Nifyeke, kaka? Sina pesa za mbolea."

Mimi nimeishi nchi tatu, serikali zote nazijua, huwa najibu kabla sijaulizwa. Leo niliuliza kwanza, basi likapita kituo changu.

"Yamefika wapi?"

"Magotini. Yamependeza, wee acha tu."

Nikamwambia asiguse hata mche mmoja. Mbolea nitanunua mimi.

"Na wewe utatoa wapi?"

"Mimi? Dada, huku nalalia pesa!"

Akacheka. Hicho kicheko sikuwa nimekisikia tangu mafuriko.

Kisha nikampigia meneja, nikaomba zamu ya Jumamosi na ya Jumapili. Amenipa zote mbili papo hapo. Mgongo sijauuliza.