Mutheu Hataki Kufungua Mdomo

Kitengela,
Jumapili mchana.

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi na upepo. Goti lako linaendeleaje? Na mvua imewafikia, au ni sisi tu tunaona mawingu yakipita kuelekea upande wenu? Huku tuko wazima wa mwili, ila moyo wangu hauko sawa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu iko. Ninaandika kwa sababu kwa simu unaniambia, "Sawa, Kavutha, sawa," halafu nikikata unampigia mume wangu. Jumamosi iliyopita Musyoka ametoka kupasua mawe huko Kiserian, hajavua hata viatu, ananiambia mmekubaliana mwisho wa mwezi Mutheu aletwe kwako Makueni. Mmekubaliana, wewe na yeye. Mimi niliyemzaa nimepewa habari kama mtu anayeambiwa maji ya bomba yamekatwa. Basi nimeona niandike, maana barua haikatizwi katikati. Mama Kioko wa kanisani anasafiri kesho na atakupa mkononi. Vaa miwani uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Nimekasirika, Mwaitu. Ninasema kwa heshima, lakini nimekasirika.

Wacha nianze mwanzo. Ulipokuja, Mutheu alikuwa ametimiza miezi sita na mimi sikujua pa kuanzia. Nilifurahi kukuona mpaka nikalia. Ukamwanzishia uji wa wimbi vile ulivyotuanzishia sisi wote. Ukamlaza mapajani, ukamfunga mikono ndani ya leso, ukakunja kiganja chenye uji mdomoni mwake, na kidole kimoja kikamziba pua kidogo. Akitaka kupumua anafungua mdomo, uji unaingia. Bakuli lilikuwa linaisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa nikirudi jioni, mgongo umekufa kwa kushona mifuko ya suruali kutwa nzima pale kiwandani, nakuta mtoto ameshiba na amelala, nasema asante Mungu kwa kunipa mama. Kwa hivyo sikuwekei wewe lawama yote. Nilikusifu kwa mdomo wangu, na mashavu ya Mutheu yalikuwa yananona kila mtu akiona.

Ulipoondoka niliendelea vile vile. Nilitaka kumfundisha hata Koko. Unamkumbuka, yule mama mzee wa Kimaasai, mama yake mwenye ploti tunayopanga, ambaye humshika Mutheu nikienda kazini. Alisimama mlangoni akaniangalia nikiziba pua, akasema, "Sisi hatufanyangi hivyo. Mtoto si ndama apewe dawa kwa nguvu." Akakataa kabisa, akasema yeye atatumia kikombe. Nilimwona hajui kitu. Nilijiambia mama yangu amelea sita na hakuna aliyekufa njaa.

Mutheu alipofika miezi minane nilimpeleka kliniki. Nesi akaangalia kitabu, akaona mstari wa uzito umeacha kupanda, umelala tu. Akaniuliza, "Mama Mutheu, huyu anakula nini?"

Nikasema anakunywa uji vizuri sana.

"Kunywa si kula. Mtoto ako na meno mbili na hujampatia kitu ya kutafuna? Anza na hizi vitu tamu za shamba. Kiazi kitamu, malenge, ndizi, papai. Ponda na uma tu, usisage. Wacha mabonge kidogo laini, ajue chakula iko na mwili. Sukari usiweke. Na asali bado, mpaka apite mwaka mmoja."

Kwa hivyo ile asali ya Kibwezi uliyotutumia iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Tafadhali usiniulize tena kila Jumapili kama imeisha.

Jioni hiyo nilichemsha kiazi kimoja kati ya vile ulivyotuma, vile vya njano ndani. Kikaiva vizuri, nyumba nzima ikanukia. Nikakiponda kwa uma na kuacha mabonge kama nilivyoambiwa. Halafu, Mwaitu, nikafanya kosa ambalo sijajisamehe mpaka leo. Nilikuwa nimechoka na nilitaka amalize haraka. Nikamlaza mapajani, nikamfunga mikono kwa leso, nikaziba pua, nikamsukumia kiazi kwa kiganja vile tunavyompa uji.

Bonge likakwama. Hakulia, na hicho ndicho kilichonitisha, kwamba hakulia. Macho yalimtoka na midomo ikaanza kugeuka rangi ya majivu. Nikapiga nduru. Koko aliingia bila kubisha, akamnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake na kumpiga mgongoni mpaka kile kitu kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kidogo, hakifiki ukubwa wa haragwe. Mutheu akavuta pumzi na kulia, na mimi nikakaa chini. Koko hakunigombeza. Alinirudishia mtoto wangu, akasema, "Sasa umeona," akaenda kufungia mbuzi wake.

Sikukuambia haya kwa simu kwa sababu nilijua utasema nilimshika vibaya. Pengine nilimshika vibaya. Lakini hakuna namna nzuri ya kumshika mtoto hivyo ukimpa kitu cha kutafuna, na hilo hakuna aliyeniambia.

Tangu siku hiyo Mutheu hataki. Akiona kijiko anakaza midomo. Akiona leso mkononi mwangu anaanza kulia kabla sijamgusa. Uji anakubali kwa kikombe, na ni kikombe cha Koko, mimi nikikishika anageuza uso kuangalia ukuta. Nimejaribu malenge, akatema kwenye blauzi yangu ya kazi. Nimejaribu ndizi mbivu, akakaa nayo shavuni kama dakika kumi, halafu akaiachilia itoke yenyewe. Natoka hapa saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo niko na saa moja tu ya kumlisha kabla usingizi haujamchukua, na hiyo saa moja tunaimaliza tukiangaliana, mimi na bakuli na yeye na mdomo wake.

Na kila mwanamke wa ploti hii amekuwa daktari. Mmoja ananiambia niweke sukari vijiko viwili, hakuna mtoto anayekataa sukari. Mwingine ananiambia nisage kila kitu kwa blenda kiwe laini kabisa, nimpe kwa chupa, nitoboe chuchu iwe pana, mpaka akue. Nikamuuliza akue mpaka wapi, siku ya kuolewa aende na blenda? Alinuna na mpaka leo hanisalimii. Sijuti.

Nilirudi kwa nesi nikamweleza ukweli wote, hata kiganja, hata pua. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama, huyu hakatai kiazi. Anaogopa mkono yako."

Nililia pale kwenye benchi mbele ya akina mama wengine, na sikujali. Fikiria kuambiwa mtoto wako anaogopa mkono wako. Nesi alingoja nimalize, kisha akanieleza nifanye nini. Mtoto akae wima, mikono yake iwe huru. Nimkatie vipande laini vya kubonyezeka kwa vidole, niviweke mbele yake, na mimi nile hicho hicho nikiwa naye. Nisimsukumie. Akichezea, achezee. Alinipa mwezi mmoja. Uzito usipopanda atatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Basi nikaanza, na sitakudanganya kwamba ni kazi rahisi. Siku ya kwanza alitupa kiazi chote kwa kuku wa Koko. Siku ya pili alikiminya mpaka kikatokea katikati ya vidole, akacheka sana, hakuna kilichofika mdomoni. Siku ya tatu nilimwosha malenge nyuma ya masikio. Mimi ni mtu wa kupimwa kwa idadi ya mifuko ninayoshona kwa saa, na hapo nimekaa kwenye mkeka nikiangalia chakula kizuri kikiharibika na nimeambiwa nisifanye kitu. Kuna jioni nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba kwa hasira, nikamwacha na Koko, nisije nikamsukumia tena.

Alhamisi alichukua kipande cha papai akakiweka mdomoni mwenyewe. Akakunja uso. Akakisukuma nje kwa ulimi, akakirudisha kwa kidole, akakipondaponda kwa ufizi. Mimi nimeshika pumzi. Akameza. Kilikuwa kama punje ya mahindi kwa ukubwa, na kilikuwa kimoja tu, cha pili alikipaka kwenye nywele. Lakini alimeza, Mwaitu, na alinitazama kuona kama nimeona.

Nikampigia Musyoka nikamwambia kwa furaha. Akasema, "Punje moja? Si kwa susu yake huko Makueni atakula sahani nzima?" Hapo ndipo nilipoanza kutafuta karatasi.

Najua hasemi uongo. Ana wasiwasi kama mimi, na yeye haoni mtoto ila Jumamosi, kwa hivyo kila Jumamosi anamwona amekonda upya. Na kwako ni kweli atakula. Uko na maziwa, uko na maembe yakiiva, uko na siku nzima ya kukaa naye kivulini. Mimi sina hayo yote. Lakini niko na nesi anayejua alipofikia, na Koko ambaye hajawahi kumlazimisha kitu, na vipande vya papai ambavyo ameanza kuvijua. Ukimchukua sasa na kumfunga leso tena, hata kwa mapenzi, tutarudi pale nilipopiga nduru.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Mpigie Musyoka umwambie umebadilisha nia. Akisikia kwangu ataona ni ukaidi wa Kavutha. Akisikia kwako atatulia, kwa sababu anakuheshimu kuliko anavyoniheshimu, na hilo nalo tutaliongea siku nyingine. Na wewe ukipata nafasi njoo tena ukae. Kitanda kipo na Mutheu atafurahi. Leso njoo nayo ya kujifunika, si ya kumfungia mtoto.

Nisalimie Baba, umwambie fundi wa redio amesema bado anatafuta kile kifaa. Msalimie kaka yangu mdogo Muthama anayekusaidia na ng'ombe, na shangazi anayeuza mboga sokoni, na yule mwalimu mstaafu jirani yetu ambaye alitufundisha kuandika barua, asije akaiona hii akahesabu makosa.

Nilikuwa nimekunja karatasi, nikaikunjua tena. Kuna kitu sijawahi kukuambia na afadhali kikae humu kuliko kwa simu.

Nilipokuwa na miezi tisa ulinipeleka kwa susu, nyanya yangu, Kathonzweni, ukaenda kuchuma kahawa Thika. Hukuwa na njia nyingine, ninajua, wala sikulaumu. Watu wote husema nilikula vizuri sana kule, na ni kweli, ninakumbuka viazi vya susu. Siku ulipokuja kunichukua nianze shule, nilijificha nyuma ya sketi yake nikamuuliza, "Huyu mama ni wa nani?" Ulicheka mbele ya watu ukasema, "Oneni vile amenona." Baadaye nilienda nyuma ya jikoni nikakukuta umekaa juu ya kuni unafuta macho, nikakuuliza kama ni moshi, ukasema ni moshi.

Mutheu akikaza midomo, anaikaza akiniangalia usoni. Amenikasirikia, lakini ananijua. Wewe unajua ilivyo kupokea mtoto aliyenona ambaye hakujui. Mwambie Musyoka asimlete.

Ni mimi binti yako,
Kavutha, mama yake Mutheu.