Filamu Iliyowasahau Wadudu wa Anga

Mpendwa Papa,

Kabla hujaendelea, tafadhali angalia ni nani aliye karibu nawe. Kama Koko yuko hapo, ngoja aondoke. Nampenda bibi yangu, lakini wewe ni mwanawe na unajua kwamba neno likimfikia jioni, asubuhi liko kisimani. Mengine ninayokuandikia hapa mama yangu, Yeyo, aliapa kwako kuwa hatayasema, kisha akayasema. Kwa hiyo mama asijue kamwe kwamba nimekuandikia. Mkuu wangu wa kazi naye asijue jinsi nilivyotetemeka. Kila neno lililo humu libaki kati yetu wawili.

Uliondoka nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo hujui kwamba nimepata kazi. Ni karani wa masjala, huku Kajiado. Natunza faili na kupokea watu dirishani. Bado niko kwenye majaribio, na barua ya kunithibitisha itaandikwa, au haitaandikwa, na Madam Njoki, mkuu wetu, ambaye hupitisha rula chini ya kila mstari ninaoandika. Mimi huogopa simu ya mezani. Huogopa kugonga muhuri juu chini. Nikisikia viatu vya Madam kwenye korido, nakumbuka makosa ambayo hata sijafanya.

Sasa sikia kilichonipata. Kitabu chetu kimefanywa filamu.

Ndiyo, kile kile ulichonunua mnadani Kitengela, juu ya gunia, kati ya kengele za ng'ombe na viatu vya mitumba. Nilikuwa na miaka sita, sijui Kiingereza hata cha kuomba maji. Adhuhuri, ng'ombe wakishakunywa na kulala kando ya birika, ulikuwa unakifungua juu ya magoti na kunisomea. Macho yako yalikuwa kwenye Kiingereza, mdomo wako ukitoa Kimaasai, na pale Kimaasai kilipokosa neno ukachukua Kiswahili. Ulikuwa umeishia darasa la nane. Kiingereza chako kilitembea polepole, lakini kilifika.

Wewe unakijua, lakini acha nikusimulie tena, maana napenda kukisimulia. Chombo kinasafiri kati ya nyota kwa miaka mingi kuliko umri wa mtu. Ndani yake watu mia tatu wamelazwa kwenye vitanda vya kioo, katika baridi, hadi siku ya kufika. Aliye macho ni mmoja tu, mwanamke asiyepewa jina lolote ila kazi yake: Mlinzi. Kila asubuhi mashine inamwambia, wako mia tatu, idadi imetimia. Na karibu na mwisho, Papa, ikaja ile sura yetu.

Siku hiyo Mlinzi aliizima mashine. Ulisema kwamba kwao, kama kwetu, viumbe unaowapenda hawahesabiwi; wanatazamwa. Akapita kati ya vitanda akitazama nyuso. Mwenye kovu kwenye nyusi, yupo. Anayelala mdomo wazi, yupo. Mapacha, wapo. Alipofika mwisho akasimama. "Mmoja hayupo," akasema. Mashine ikabisha, wako mia tatu. Naye akajibu, "Wako mia tatu, na mmoja hayupo." Kumbe mwanamke mmoja alikuwa amejifungua usingizini, na mtu mwingine alikuwa ameamka akatoka. Mmoja ameongezeka, mmoja amepungua, hesabu haikuona kitu.

Niliielewa sura hiyo papo hapo, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyosimama langoni mwa boma ng'ombe wakirudi. Hukutaja namba hata siku moja. Uliwaacha wapite, ukanigusa kichwani na kusema, "Sambu hayupo," na kweli yule wa madoadoa alikuwa amebaki korongoni.

Halafu kulikuwa na picha. Nilikuonyesha mdudu mnene mwenye miguu minane, amechorwa ukurasa mzima.

"Papa, huyu ni nani?"

Uliitazama picha. "Huyo ni mdudu wa anga, enkerai ai, mwanangu. Wanaganda kwenye ngozi ya chombo, wanakinyonya mafuta."

"Wanatolewaje?"

"Mlinzi anakipitisha chombo kwenye wingu la dawa. Wote wanaanguka."

Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo kichwani siku Madam Njoki alipotangaza, wakati wa chai, kwamba kikundi chake cha wasomaji kitaonyesha filamu hiyo Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Kitengela, kisha kijadili kama filamu imefikia kina cha riwaya. Sijui ni shetani gani aliyenifungua mdomo. Nikasema, "Hicho kitabu nakijua mwanzo hadi mwisho."

Madam akaweka kikombe chini. "Vizuri. Wewe utasimama upande wa kitabu. Mimi nitatetea filamu."

Wiki nzima sikula vizuri. Nilijua kwamba nikimshinda mkuu wangu mbele ya watu, niko mashakani. Nikishindwa, ataona kwamba nasema nijualo na nisilojua, na mtu wa namna hiyo hawekwi masjala. Kitabu chenyewe sikuwa nacho cha kurejelea, kilipotea tulipohama. Nilikuwa na sauti yako tu.

Filamu ni nzuri, Papa. Sitaki kukudanganya. Nilikaa mstari wa mbele na bisi zangu nikiwa tayari kuichukia, na ndani ya dakika chache nikasahau. Chombo chenyewe ni kikubwa kuliko tulivyokijenga kwa vidole vyetu mavumbini. Na kuna mahali Mlinzi anapumua juu ya kioo cha kitanda, kisha anafuta ukungu kwa mkono wa shati lake ili amwone aliyelala. Hakuna muziki, hakuna neno. Nilikuona wewe ukimfuta pua ndama aliyezaliwa siku ya baridi. Nililia kwa furaha, nikajifanya nimepaliwa.

Lakini pia wamempa bunduki. Wamemkimbiza kwenye korido kama mtu aliyeibiwa simu. Na zile siku tisa za Mlinzi kungoja mbegu moja ichipue, ambazo wewe ulinisomea kwa siku tisa, kila siku ukifunga kitabu na kusema "bado," filamu ilizimaliza kabla sijameza bisi.

Taa zikawashwa, nikasimama. Nikasema hayo ya mbegu. Nikasema kungoja ndiko kina chenyewe cha kitabu, na filamu haikutungojesha.

Madam akasimama bila karatasi. "Binti yangu, kitabu kinaweza kukwambia anachofikiri Mlinzi. Kamera haiwezi. Kamera imepata pumzi moja juu ya kioo. Je, pale hukujua anachofikiri?"

"Nilijua, Madam."

"Basi kina kipo. Kimebadilisha nguo tu."

Watu wakapiga makofi, na kusema kweli hata mimi nilitaka kupiga. Lakini nilikuwa nimekuweka wewe akiba. Nikasema filamu imeiacha sura kubwa kuliko zote, ya Mlinzi kukataa kuhesabu. Nikaisimulia kama ulivyonisimulia. Ukumbi ukasikiliza vizuri sana, nikapata joto, nikaongeza, "Na wadudu wa anga hawajaonyeshwa hata mmoja."

"Wadudu gani?" Madam akauliza.

"Wenye miguu minane. Walioganda kwenye ngozi ya chombo wakinyonya mafuta."

Brayo, kijana wa kompyuta aliyekuwa kwenye projekta, akasema, "Madam, huyu ametuletea kupe," na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Madam hakucheka. Alivaa miwani, akatoa kitabu kwenye mkoba. "Niko nacho hapa, kizima. Ni ukurasa gani?"

"Karibu na mwisho, Madam."

Akafunua taratibu, kama anavyofunua faili zangu. "Karibu na mwisho anahesabu. Anahesabu mara tatu. Wote wapo, anazima taa, kitabu kinaisha." Akanitazama. "Hiyo sura umeitoa wapi?"

Papa, hapo nilitaka sakafu inimeze. Barua yangu ya kuthibitishwa niliiona ikipaa dirishani. Lakini kilichoniuma hasa ni swali lingine: je, ulinidanganya?

Mama mmoja aliyekuwa nyuma, mwenye leso ya bluu, ndiye aliyeniokoa. "Iwe ya kitabu, isiwe ya kitabu, si amalize? Huyo aliyepotea alipatikana wapi?"

Nikajibu kwamba alipatikana kwenye dirisha la chombo, akiangalia nje, hajui njia ya kurudi kitandani. Mlinzi hakumshika mkono. Alimwita kwa jina lake.

"Jina gani?" akauliza yule mama.

Silijui. Siku hiyo kulikuwa na joto, nilisinzia begani kwako kabla hujalitaja, na nilipoamka ng'ombe walikuwa wamesimama tayari kuondoka.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimweleza Yeyo yote. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Wadudu wa anga," akasema, akifuta machozi. "Mungu amlaze pema yule mwanamume."

Ndipo akavunja kiapo. Alinieleza kwamba kwa siku nyingi ulikuwa ukitoka kuwalambisha ng'ombe chumvi ya magadi na kufungua kitabu kwa mikono ile ile, mpaka kurasa zikakolea chumvi. Kisha ukakiacha kando ya birika ukaenda kufunga kamba. Ndama alikula robo nzima ya mwisho, na alikuwa akianza robo ya pili ulipofika. Ndipo ukachukua kile kijitabu cha josho, cha dawa ya kuua kupe, mlichogawiwa na watu wa mifugo, ukakibandika ndani ya jalada kwa uji wa unga, ukaendelea kunisomea kana kwamba hakuna lililotokea.

"Kwa nini hakuniambia tu?"

"Ndama huyo jina lake lilikuwa Narok," Yeyo akasema. "Alikuwa wako. Papa yako alisema, huyu mtoto amengoja mwisho wa hadithi miezi miwili. Akijua ni nani aliyeula, atamchukia ndama wake."

Papa, nimecheka wiki nzima. Nacheka nikigonga mihuri. Ulishika kitabu cha kupe mbele ya mtoto na kusoma humo watu mia tatu waliolala kati ya nyota. Nakuona ukifunua ukurasa wa vipimo vya dawa na kuniambia Mlinzi alihuzunika.

Jumatatu Madam Njoki aliniita ofisini. Nilibeba kalamu na daftari, nikafikiri ni vizuri nifukuzwe nikiwa na kitu mkononi. Nilimwambia ukweli wote, ndama, chumvi, uji wa unga. Alisikiliza akiwa ameshika rula yake wima.

"Kwa hiyo filamu ilikifuata kitabu kwa uaminifu," akasema.

"Ndiyo, Madam. Nilikosea."

"Na kitabu kina hesabu tu mwishoni." Akaweka rula mezani. "Mimi nimekisoma mara nne nikijiuliza ni kwa nini mwisho wake ni baridi hivyo."

Akafungua mkoba, akanipa kile kitabu chake. "Huku nyuma kuna kurasa tupu. Andika ile sura ya mzee wako. Mwandiko wako ni msafi. Lakini uimalize, na jina ulitaje."

Kuhusu kuthibitishwa hakusema neno, nami sikuuliza. Ila nilipofika mlangoni aliongeza, "Na wadudu uwaweke."

Nimeandika kurasa sita, Papa. Mlinzi amezima mashine, amepita kwenye vitanda, mtoto amezaliwa, wadudu wameanguka kwenye wingu la dawa. Nimefika dirishani. Yule mtu amesimama akiangalia nje, na Mlinzi amefungua mdomo. Hapo nimeacha mstari mtupu. Yeyo halikumbuki jina. Ningeweza kulitunga, wewe uliitunga sura nzima, lakini hili moja nataka kulisikia kwako.

Kwa hiyo ukiweza kuja, hata ndotoni, usifuate njia ya ng'ombe, imezibwa na ukuta. Birika halipo, pale sasa wanaosha magari. Pita hapo, hesabu ya mageti iache, yote yanafanana. Tafuta lililopakwa rangi ya kijani nusu, maana Yeyo aliishiwa na rangi. Yeye huwa nyumbani kuanzia saa kumi na moja.

Siku za kazi nipo Kajiado, dirisha la pili. Mlangoni kuna mashine inayowapa watu nambari za kusubiri. Wewe usichukue nambari. Njoo moja kwa moja dirishani, uniguse kichwani, useme jina.

Ni mimi mwanao, mwenye Narok, niliyesinzia kabla ya mwisho.