Chupa Imepasuka, Uchungu Hauji

Dada yangu mpenzi,

Natumaini wewe na wanao hamjambo. Shemeji yako ameshapaka rangi chumba cha mtoto, japo nusu ya rangi iko kwenye suruali yake. Mimi nakuandikia nikiwa kitandani, wodi ya wazazi.

Chupa ya uzazi ilipasuka jana asubuhi nikifua. Gauni lilikuwa limeshalowa, nikadhani ni maji ya beseni. Jioni yalipozidi kutiririka nikamwambia mama mkwe. Akasema, "Maji bila uchungu si kitu, mwanangu. Mimi nilikaa hivyo siku mbili ndipo nikamzaa mumeo, na kichwa chake unakiona!" Tukacheka, nikalala.

Leo nimekuja hospitali maji yakiwa bado yanatoka, nesi kaniuliza yameanza lini. Nikaogopa kufokewa, nikamwambia alfajiri ya leo.

"Basi tungoje," akasema. "Wengi uchungu huwajia wenyewe siku hiyohiyo. Ukikawia baada ya maji kutoka ndiyo hatari, vijidudu humpandia mtoto."

Dada, nikaanza kutetemeka, sijui ni hofu au homa. Mtoto aliyekuwa akinipiga mateke akatulia tuli. Nikamwita nesi nikamwambia kweli. Hakunifokea. Aliweka kitarumbeta chake cha kusikilizia tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena, mimi nimebana pumzi.

"Moyo upo, mama, ila unakimbia mno. Tunakupeleka kwa daktari sasa hivi."

Machela hiyo inakuja. Niombee, dada. Jina nimeshamchagulia, lakini sikutajii mpaka nimsikie akilia.

Mdogo wako, mama mtarajiwa