Mashavu Uliyoyasifu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti lako limeacha ukorofi. Mimi nipo, napumua, na pasi bado iko mkononi. Mdogo wangu Chiriku namsalimu, maana najua ndiye anayekusomea. Asijitie kuongeza maneno yake, namfahamu huyo! Na akinyamaza popote, Mama, mwambie aendelee.

Barua yako nimeipata. Ulimwandikisha Chiriku sifa zake mwenyewe: kwamba amenawiri, mashavu yamemjaa kama yangu kwenye ile picha niliyokutumia, hata viatu vya mwaka jana vinambana. Umefurahi sana. Mimi nilipoyasoma hayo, niliketi papo hapo kukuandikia.

Ile picha uliizungusha kwa majirani, ukasema mwanao anakula na kusaza. Nikakuacha ufurahi. Haukupita muda, asubuhi moja viatu viligoma kuingia, macho yamevimba kama nimepigwa ngumi, na kazini kwa dobi nikaangukia rundo la mashuka. Daktari akapima damu na mkojo, akaniambia kule kujaa mashavu si unono, ni maji. Figo zangu zimechoka, Mama. Hazitarudi kama zamani. Kilichobaki ni kuzitunza zisichoke zaidi.

Nazitunza kweli. Dawa ya presha nameza, kliniki sikosi, chumvi nimeiaga, na vidonge vya maumivu vya kujinunulia dukani sivigusi. Hata maji daktari amenipimia: chupa moja kutwa, nami nashinda kwenye mvuke wa pasi! Wenzangu hawajui lolote. Wananiita Bahili, eti hata maji ya bure nayaonea uchungu. Nacheka nao. Wakati wa chakula wao wanakaa pamoja, mimi najibanza nyuma ya mashine ya kufulia na kibakuli changu kisicho na ladha. Mwanzoni walikuwa wananiita nile nao. Siku hizi hawaniiti. Nikirudi chumbani naongea na redio. Upweke huu, Mama, unanishinda kuliko ugonjwa wenyewe.

Ukiniona leo utasema nimekonda, maskini. Usilie, huku kukonda ndiyo nafuu yangu. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umefurahi, nami sikuwa na kingine cha kukufurahisha.

Ningeendelea kunyamaza. Lakini daktari aliniuliza kama nyumbani yuko mwingine anayevimba, maana maradhi haya pengine hutembea katika ukoo. Nikamjibu hakuna. Kisha ikaja barua yako.

Chiriku, sasa nasema na wewe. Usiruke hapa, wala usimpindishie Mama maneno. Bonyeza mguu wako kwa kidole gumba, pale mbele juu ya kifundo, halafu uachie. Kishimo kikibaki, kesho asubuhi nendeni hospitali, wakupime damu na mkojo. Kisipobaki, nendeni vilevile. Ukiwahi, mdogo wangu, utaishi vizuri. Na usijifiche nyuma ya mashine kama mimi. Niandikie mwenyewe, kwa maneno yako mengi yote, nitayasoma hadi la mwisho.

Mama, wasalimie majirani. Ile picha ishushe ukutani, nitakuletea nyingine nikiwa mwembamba. Na huyo aliye mbele yako, mshike mkono.

Mimi mwanao wa kwanza,
Bahili wa Maji