Pipa la Hafner

Port Reinholt, Wisconsin
5 Aprili 1994

Norbert, wanalirudisha pipa la baba yako ukutani! Kama umesimama, kaa kwanza.

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu, na Corinne, na wajukuu wangu? Mimi mzima, ila goti linanisumbua theluji ikianza kuyeyuka. Hata hivyo hakuna mwanamke wa rika langu mtaa huu anayepanda ngazi kama mimi, muulize umtakaye.

Jana alikuja mtu mmoja wa miaka arobaini hivi, jina lake Gordon Dahlke, amevaa koti la timu yetu ya besiboli. Anasema anafanya kazi ofisi ya uwanja, na watu wamechoka na matangazo ya bia za mbali, mataa yanayowaka na kuzima kama duka la dawa. Wanataka kuwe na siku ya kuikumbuka Hafner, bia yetu wenyewe, na bia yenyewe iuzwe tena pale uwanjani. Nikamwambia nyumba hujaikosea. Nani alilichora lile bango la pipa? Elmer Ziebell. Nani alizitia zile herufi rangi ya manjano mpaka leo hazijachujuka? Elmer Ziebell. Mpira ukiligonga, pipa linalia buu, kiwanda kinapiga king'ora, mji mzima unajua. Wewe ulijua kusoma Hafner kabla hujajua kusoma Norbert. Mwalimu wako alikuja kunilalamikia, nami nikamkatia keki kwa furaha.

Kitu kimoja tu kinaniwasha. Kabla sijafungua mdomo kuhusu gereji, yule bwana aliitazama, akauliza kama pipa bado liko chini ya turubai la mashua. Siku walipobomoa ukuta wa zamani, baba yako alilibeba peke yake mgongoni mpaka humo. Tuliojua lilipo ni watatu, na mmoja yuko makaburini. Umemwambia mtu?

Mama yako akupendaye


Phoenix, Arizona
13 Aprili 1994

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo, joto tu limeanza mapema. Watoto wanakusalimu. Mdogo anauliza lini utamtumia zile soseji.

Mama, sikumwambia mtu hata mmoja. Na tafadhali usimpe huyo bwana kitu. Wiki iliyopita niliitwa kutengeneza jokofu la mkahawa mmoja hapa. Juu ya mlango wa choo wametundika bango la bia kutoka uwanja wa mji fulani wa Ohio, matundu ya misumari bado yanaonekana. Mwenye mkahawa akaniambia kuna watu hiyo ndiyo kazi yao. Wanazunguka miji midogo, wanavaa koti la timu, wanalia na wajane kuhusu enzi zile, kisha wanaondoka na mabango. Majina ya bia nayo yananunuliwa hivyo hivyo. Kinachotiwa ndani ya chupa hakina mwenyewe.

Sitaki siku moja niingie chooni nikutane na kazi ya mkono wa Baba juu ya mlango.

Mjaribu. Mtu aliyekulia uwanjani kwetu atajulikana tu.

Mwanao


Port Reinholt
26 Aprili 1994

Mwanangu mpendwa,

Nimemjaribu, na ameanguka. Natumaini nyote wazima. Mimi silali vizuri, lakini nala.

Nilimkaribisha Jumamosi mchana kusikiliza mchezo kwenye redio. Nilipika soseji zangu, zile za kuchemshwa kwa bia kabla ya kuchomwa. Alikula nne, kwa hilo simlaumu, hazina mfano. Maneno yake matamu. Anakumbuka harufu ya shayiri kiwanda kikichemsha, anakumbuka king'ora. Nikajisemea, haya yote mtu anaweza kuyaokota kwenye baa yoyote.

Unakumbuka desturi yetu, au jangwa limekusahaulisha? Pipa likilia unanyanyua bilauri, lakini hunywi mpaka mkimbiaji, yule aliyeupiga mpira, asimame juu ya kituo. Anayetangulia anaitwa Koo Refu, na safu nzima inamzomea, "Una haraka kuliko miguu yake?" Hata padri alizomewa, sembuse mwingine.

Basi nikamimina bia tukangoja. Zamu ya nne mtangazaji akapaza sauti kwamba mpira umegonga ukuta wa kulia. Nami nikanyanyua bilauri, nikatulia kama sanamu. Dahlke? Alikunywa papo hapo, mkimbiaji hajafika hata kituo cha kwanza, na akajipangusa mdomo kama mtu aliyetimiza jambo.

Nilikuwa nimeoka keki ya siagi. Nikairudisha kabatini, nikamwambia imeisha, naye aliiona.

Nimetia kufuli la pili gerejini. Lakini Norbert, bado nakuuliza. Kama si wewe, nani alimwambia habari ya turubai? Usinifiche. Ulikuwa ukilewa Krismasi pale baa ya Schmitz, na ukilewa unasema.

Mama yako


Phoenix
2 Mei 1994

Mama,

Tunashukuru Mungu, wazima. Natumaini nawe.

Nimesema sikumwambia mtu, na sikumwambia. Imeniuma kwamba unanishuku mimi kabla ya mgeni. Mtu alichungulia dirishani mwa gereji, ndivyo ilivyo. Weka pazia, na akija tena mpigie simu polisi.

Mwanao


Phoenix
21 Mei 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sasa ni wiki karibu tatu huandiki. Najua simu huipendi, lakini hata kuipokea? Nimempigia jirani yako, akasema ameona gari la mizigo mbele ya gereji yako, na wewe umevaa viatu vya Jumapili siku ya Jumanne. Halafu akacheka akakata simu.

Niambie ukweli. Limekwenda?

Mwanao, ambaye hajakasirika tena


Port Reinholt
2 Juni 1994

Norbert mwanangu,

Limekwenda. Limekwenda uwanjani, na nililisindikiza mimi mwenyewe, nimekaa mbele na dereva. Hamjambo wote? Mimi sijambo kabisa, hata goti limenyamaza. Nilikaa kimya kwa aibu, na aibu ikiandikwa haifutiki.

Ilikuwa Ijumaa, kwenye mlo wa samaki wa parokia. Niliwasimulia watu jinsi nilivyomkamata mwongo kwa bilauri moja. Sikusimulia kwa sauti ndogo. Meza zote zikacheka, isipokuwa Bernice Rusch, yule aliyefunga chupa Hafner mpaka wanafunga kiwanda. Akaweka uma chini.

"Verna," akasema, "wewe maisha yako yote umekaa upande wa kushoto wa uwanja. Sisi wa kiwandani tulikaa kulia, na pipa likilia tulikunywa hapo hapo. Bia tumeichemsha wenyewe, tumngoje nani?"

Miaka yote ile naukodolea macho ule upande, nikidhani hawana adabu.

Hakuishia hapo. Akaniuliza kama namkumbuka Otto wa king'ora. Otto Dahlke. Gordon ni mjukuu wake. Na siku walipobomoa ukuta, Otto ndiye aliyeshika upande wa pili wa pipa, toka uwanjani mpaka gerejini, na turubai lilikuwa lake. Baba yako hakuniambia kwa sababu alikuta nimeshawatangazia majirani kwamba amelibeba peke yake. Basi yule mwanamume akaniachia sifa zangu mpaka anakufa. Nilikula samaki wote bila kuonja.

Jumanne nikavaa viatu vya Jumapili, nikaoka keki nyingine, nikaenda ofisini kwa Gordon. Nikamwambia, "Keki haikuisha siku ile."

Akasema, "Najua, Mama Ziebell. Harufu ilinifuata mpaka garini."

Nawe nisamehe kwa ile habari ya baa ya Schmitz.

Lakini usidhani nimekuwa mjinga. Nilimbana kuhusu bia, akakiri itachemshwa jimbo jingine. Nimeionja. Ni Hafner inayosimuliwa na mtu asiyewahi kukutana nayo. Hapo ulisema kweli, na nimewaambia wote kwamba mwanangu aliliona hilo akiwa Arizona. Basi wauze wanachouza, ila pipa ni letu, wameazimwa, na hakuna brashi itakayogusa herufi za Elmer. Gordon amekubali mbele ya Bernice, tukapeana mikono. Mkono wake nauamini. Wakubwa zake siwaamini hata kidogo, ndiyo maana bolti kubwa ya katikati iko ndani ya mkoba wangu, na bila hiyo pipa halisimami. Nitaifunga mwenyewe, nimeshachagua ngazi. Na nimewaagiza watutengee viti upande wa kulia, tukae na Bernice na wazee wa kiwandani waliobaki. Mimi nitangoja mkimbiaji asimame. Wao wanywe watakavyo, nitawazomea kwa upole.

Mlete Corinne, walete watoto, mlete hata yule mwenye mkahawa aone bango linapostahili kukaa. Soseji nimeshaagiza nyama. Siku ya Hafner ni hiyo hiyo Siku ya Akina Baba, na nawangoja wote getini mwa uwanja Jumapili, tarehe 19 Juni, saa saba mchana.

Mama yako