Picha Iliyomleta Mama Mkwe

Jumamosi. Malindi kuna fukuto, feni inazungusha joto lile lile. Lakini moyo umetulia, na bado nacheka peke yangu.

Leo asubuhi mama mkwe ametokea mlangoni bila taarifa. Katoka Jilore na kuku wawili, furushi la mboga ya mchunga, na uso ambao sijauona tangu nimuoe binti yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya haraka haraka, akanipita hadi alipokuwa mke wangu, Dama. Akamshika shavu, akamfunua kope, akamtazama viganja.

Kisha akatoa picha kwenye leso.

Ni mimi niliyeichapisha, hapa hapa nyumbani: Dama amempakata Kadzo wetu, mwenye miezi miwili. Jirani wa mama alimpelekea wiki iliyopita, nami nikajiona mkwe bora. Kumbe nilimpelekea mashaka. Dama wangu ni maji ya kunde. Pichani alikuwa kama aliyepakwa majivu. Mama akakosa usingizi, akiamini binti yake ameishiwa damu baada ya kujifungua, na mimi mtu wa bara nimenyamaza tu.

Jamani, kosa ni langu. Nilinunua karatasi isiyong'aa, nikaiacha kompyuta kwenye profaili ya ile ya kung'aa. Profaili ni faili dogo linaloelekeza rangi zitoke vipi kwenye karatasi fulani, kwa kuwa kila karatasi inakunywa wino kivyake. Niliona rangi imefifia, nikajidanganya kwamba itakaa sawa ikikauka.

Nikamkalisha mama kando ya printa, nikamweleza. Hakuniamini, na simlaumu. Basi nikapakua profaili ya karatasi hii, nikaichagua, nikazima marekebisho ya rangi ya printa yenyewe ili viwili hivyo visigombane, nikachapisha upya. Tukangoja ikauke, yeye amempakata mjukuu. Nilikuwa na wasiwasi kuliko siku ya posa.

Akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaiweka karibu na shavu la Dama. Maji ya kunde yale yale. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, nami nikavimba kichwa.

Halafu akaitazama tena, akasema polepole, "Rangi umeirudisha, Baba Kadzo. Lakini macho haya hayajalala. Hilo si la karatasi."

Nikaitazama. Kweli.

Picha hii nimeipiga mwenyewe. Nimeikuza kwenye kioo cha kompyuta, nimehangaika jioni nzima na kivuli cha shingo, na sikuona kwamba mke wangu amechoka. Dama alisema si kitu, ni mtoto tu anaamka usiku. Mama alikwenda jikoni kumnyonyoa kuku, na mimi nikaona aibu, kwa sababu nampenda sana huyu mwanamke na nilidhani inatosha.

Sasa hivi ni alasiri. Naandika kwa kidole kimoja, Kadzo yuko kifuani pangu, na Dama amelala chumbani tangu adhuhuri. Mchuzi wa kuku unanukia nyumba nzima. Nimemwambia mama kwamba usiku huu kumbembeleza mtoto ni zamu yangu, akatikisa kichwa kukubali.

Anarudi kwake Jumatatu. Je, Jumatatu usiku mtoto akilia, nitaamka bila mtu wa kunitazama?